Bi. Verlene na Majina Matano Yaliyokatwa

Hadi leo nikikumbuka mambo yale damu hunichemka, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Verlene Stidham alikuwa msaidizi wa maktaba katika shule yetu ya sekondari, huku milimani Kentucky mashariki, ambako migodi ya makaa ilipofungwa wanaume walibaki na kikohozi na wanawake wakabaki na kazi zote. Mimi nilifundisha historia chumba cha pili kutoka kwake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na chuo hakukijua ila kwa nje. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mshauri wa shule alimwambia kwamba binti wa mchimba makaa afadhali ajifunze kupiga taipu. Akajifunza. Lakini hakusahau.

Mwaka ninaousimulia shule ilianzisha darasa la kujiandaa kwa mtihani wa biolojia wa kiwango cha chuo, ule ambao ukiufaulu ungali sekondari, chuo kinakuhesabia kuwa somo hilo umeshalimaliza. Darasa hilo lilikuwa la wateule kumi na wawili. Watano waliosoma biolojia ileile waliachwa nje, wakawa wanashinda maktaba. Mmoja wao, Rhoda Napier, alikuwa amepaka kitabu chake wino wa njano kutoka jalada hadi jalada.

"Umesoma?" Verlene akamuuliza.

"Mara tatu, Bi. Verlene."

"Haya, kifunge. Niambie figo inafanya kazi gani."

Rhoda akakifungua tena kitabu.

"Mwanangu, hujasoma. Umepaka rangi tu. Kama unaipenda kazi hiyo, njoo nikupe ukuta wa banda langu."

Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo akaanza kuwafundisha wote watano. Kitabu kinafungwa, unaandika unachokumbuka, ndipo unafungua uone ulichoacha. Kila mmoja alikuwa na daftari la makosa, na kando ya kila kosa aliandika sababu: sikujua, nilichanganya, au nilisoma swali mbiombio. Baada ya siku mbili unalirudia kosa lako, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili.

"Mbona tunarudia, haya si tumeshayajua!" alilalamika Dorsey Fugate, mvulana mrefu mwenye maneno mengi.

"Uliyajua Jumatatu. Leo Alhamisi. Hebu nionyeshe."

Dorsey alikwama swali la kwanza.

Jumamosi asubuhi walifanya mtihani wa zamani, saa ya jikoni ikiwa mezani, hakuna kuinuka. Daftari la Rhoda ndilo lililofichua ugonjwa wake: katika makosa ishirini na tisa, kumi na tisa hayakutokana na kutojua. Alikuwa akikimbilia majibu kabla hajamaliza swali. Verlene akamwamuru afunike majibu kwa kiganja hadi aseme kwa maneno yake mwenyewe anaulizwa nini. Binti akanuna wiki nzima. Kisha makosa yakaanza kupungua.

Machi orodha ya watahiniwa ikapelekwa kwa makamu mkuu wa shule, Bw. Teague. Ikarudi majina matano yakiwa yamekatwa. Verlene alimfuata hadi chumba cha walimu, sisi tukiwa tunakula.

"Umewakatia nini watoto wangu?"

"Watatushushia wastani, Bi. Verlene. Wilaya nzima inatutazama."

"Wastani ndio unaoenda chuo?"

"Kazi yako ni kupanga vitabu."

"Na yako ni kupanga watoto? Hawa rafu ya juu, wale sakafuni?"

Bw. Teague akachukua kahawa yake akatoka.

Verlene akaandika barua ya kupinga, akaipitisha kwa walimu. Alipofika kwangu nilisema, "Niachie nitafakari." Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha.

"Tafakari, mwalimu," alisema. "Ila siku ya mtihani haikungoji."

Nikafyata mkia. Tulikuwa walimu ishirini na wawili; alipata saini mbili.

Basi akaanza kupiga simu shule za kaunti jirani, aombe watoto wakafanyie mtihani huko. Tatu zilikataa. Ya nne, ng'ambo ya mlima, mkuu wake alisema, "Walete." Asubuhi moja ya Mei Verlene akawapakia katika gari la kanisa, kila mmoja na mkate wa soseji mkononi. Njiani Dorsey alitapika kwa woga.

"Vizuri, umeshautoa," Verlene alimwambia. "Panda twende."

Matokeo yalitoka Julai. Alama ni moja hadi tano, na tatu ndiyo kufaulu. Rhoda alipata nne. Watatu walipata tatu. Dorsey alipata mbili. Katika wale wateule kumi na wawili, walifaulu sita.

Agosti tulipofungua shule, tulikuta bango juu ya mlango mkuu: "Matunda ya Programu Yetu." Majina kumi, manne yakiwa ya watoto wa Verlene. La Dorsey halikuwepo. Watu husema mchumia juani hulia kivulini. Huyu Teague hakuwahi kutoka kivulini, na sahani yake ilijaa!

Verlene alikwenda kwenye kikao cha bodi ya shule, akasimama mbele yao na ile orodha iliyokatwa. "Aliyewafuta ndiye anayewatundika," alisema. "Na huyu mmoja mmemwacha kwa sababu gani? Hakukaa kiti kilekile?" Bodi ikajibu kwamba suala limepokelewa. Oktoba wakamhamishia shule ya msingi, "kwa mahitaji ya kazi." Mwaka uliofuata kila aliyesoma somo aliruhusiwa kufanya mtihani, wala hakuna aliyetamka ni kwa jasho la nani.

Rhoda sasa yuko chuo kikuu, mwaka wa tatu. Dorsey alijaribu mtihani wa kemia mwaka ule uliofuata, akapata tatu.

Bw. Teague alistaafu majira ya kuchipua yaliyopita. Katika hotuba yake kwenye sherehe ya kuagwa alijisifu kwa "kufungua mlango kwa wote." Watu wakapiga makofi. Nikainuka, nikatoka, nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Verlene kumsimulia.

"Keki ilikuwepo?" akauliza.

"Ya chokoleti."

"Na hukuniletea hata kipande! Mwalimu, wewe kweli hujui kupigania kitu."

Akacheka. Mimi sikuweza.