Viza ya Mama Godoro

Mama Godoro hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho mkono wake haujakigusa. Jina hilo lilitokana na kazi yake: alijaza magodoro ya pamba na sufi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akaletewa ya maharusi na ya wagonjwa wasioinuka. Na alikuwa na mwendo mmoja uliowachosha wateja wenye haraka. Hashoni mdomo wa godoro mpaka mwenyewe aje, apandishe mkono wa shati, azamishe mkono ndani hadi kwapani na kupapasa pembe zote.

"Usije kesho ukasema nimekujazia matambara," alikuwa akiwaambia. "Tia mkono. Ukishatoa, nashona, na maneno yamekwisha."

Kusoma alijua kwa kudonoa kama kuku, herufi hii na herufi ile, na jina lake aliliandika polepole, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Lakini ole wako umwambie hajui kusoma.

Mtu mkaidi kama huyu alifikaje kwenye duka la kompyuta, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo kinachowaka? Alifikishwa na mdogo wake. Walizaliwa tumbo moja, wakalala kitanda kimoja, kisha mdogo akaolewa ng'ambo, wakabaki kusikilizana kwenye simu. Sasa mdogo alikuwa anapoteza macho. Madaktari wa huko walikwisha sema hayarudi, yanakwenda tu, kama taa inayokaukiwa mafuta. Akampigia dada yake: "Dada, njoo nikuone kabla sijabaki kukupapasa." Tangu hapo ulipita mwaka mzima. Kila Mama Godoro alipomuuliza mwanawe habari za viza, mwanawe, karani wa ghala, alimjibu neno lile lile: "Wenzetu wa huko ni wazito, mama. Tusubiri."

Mama Godoro alisubiri mpaka subira ikaanza kunuka. Siku moja akaingia chumbani kwa mwanawe, akaichukua pasipoti yake mwenyewe, akaipiga pini ndani ya nguo, kifuani. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda wote huko zinakoombwa, tuombe upya. Nataka kuona huo uzito kwa macho yangu."

Mwenye duka la kompyuta alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Aliwakaribisha vizuri tu, lakini Mama Godoro akamtazama kama anayetazama nazi asiyoisikia maji.

"Shikamoo, mama. Nipe pasipoti."

"Marahaba. Ya nini?"

"Niilaze kwenye mashine, ipigwe picha, iingie kwenye maombi."

"Iingie? Na itatoka?"

"Haiendi popote, mama. Inayokwenda ni picha."

"Ndivyo wanavyosema wote," alijibu Mama Godoro. Pini ikafunguliwa, pasipoti ikalazwa kwenye kioo cha mashine, lakini mkono haukubanduka. Akaambiwa aachie. Akakaza shingo. Mashine ikamulika, ikanguruma, na picha ikatokea: pasipoti safi kabisa, na juu ya namba yake kidole gumba kimelala, kipana, chenye makovu ya sindano.

"Mama, hapa tumewapelekea kidole."

"Kidole changu kina kosa gani?"

"Hakina kosa. Ila si hicho walichoomba."

Wakapiga tena. Safari hii aliachia, lakini aliinama akaikodolea macho mpaka miale ya mashine ikamtoa machozi.

Maswali yakaanza. Yalikuja kwa lugha ya wenyewe, na mwenye duka akayageuza moja moja. Umezaliwa lini, wapi, baba yako alikuwa nani. "Baba yangu amekufa," alisema Mama Godoro. "Wanamtakia nini?" Umewahi kuwa katika kundi la kulipua watu?

Mama Godoro akageuka taratibu. "Nani amewaambia hivyo?"

"Hakuna, mama. Kila mtu huulizwa."

"Na huyo aliyelipua, akiulizwa, atasema ndiyo?"

Mwenye duka akacheka mpaka miwani ikamning'inia. Mtoto wa Mama Godoro hakucheka. Tangu walipoketi alikuwa anachezea simu yake na kusema, "Endelea tu, dada, bonyeza tumalize." Haraka hiyo mama yake aliiona, akaiweka akilini. Mtu anayeharakisha godoro lishonwe ndiye aliyeficha kitu ndani.

Wakafika kwenye swali jingine. Mwenye duka akasoma: "Umewahi kuomba viza ukanyimwa?"

"Hapana," alisema mtoto upesi, kabla mama hajafumbua mdomo. "Weka hapana, twende mbele."

Mama Godoro hakumtazama mwenye duka tena. Alimtazama mwanawe. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake, lakini shingo yake inameremeta jasho.

"Swali ni langu au lako?"

"Lako, mama. Nakusaidia tu."

"Nilizaa mtoto. Sikuzaa mdomo wa pili. Nimewahi kunyimwa?"

Mwenye duka akaondoa kidole kwenye kitufe, akasema kwa upole, "Kaka, kama ipo, sema. Hawa wana kumbukumbu zao. Nikiandika hapana na wao wanayo, watasema mama kadanganya. Hapo mlango utafungwa, na sijui nani ataufungua."

Ndipo yakatoka, kama maji ya bomba lililoziba, mara tone, mara povu. Mwaka uliopita aliyajaza maombi peke yake, kazini, saa ya chakula, kwa simu. Mahali pa kazi akaandika: hana. Kwa sababu, alisema, kujaza magodoro hakukuwemo kwenye orodha ya kazi, na hakuona kama kuna haja. Majibu yakaja baada ya muda mfupi tu. Mwombaji hana kazi, haonekani ana kitu cha kumrudisha kwao. Amenyimwa.

"Mwaka mzima," alisema Mama Godoro.

"Nilikuogopa, mama."

"Mwaka mzima mdogo wangu anapofuka, wewe unaniogopa mimi."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye siku zote alikuwa anakagua nguo za watu wengine: mwenye duka, mashine, serikali za watu. Aliyemjazia matambara ni mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

Mtoto akasema, "Mama, tuweke hapana. Ukisema ndiyo watakunyima tena. Nakuomba."

"Sisemi na wewe sasa hivi," alijibu mama yake. Kisha akamwelekea mwenye duka. "Dada, weka ndiyo. Pana nafasi ya kueleza?"

"Ipo, kisanduku hiki."

"Andika. Mara ya kwanza niliombewa na mwanangu bila kusomewa. Alisema sina kazi. Nina kazi. Najaza magodoro tangu yeye hajazaliwa, na pesa ya shule iliyomfundisha kuandika uongo huo ilitoka kwenye magodoro. Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Hilo la uongo niliache?"

"Liache hapo hapo."

"Na cha kukurudisha kwenu?"

Mama Godoro akafikiri. "Andika nina magodoro ya watu ndani, hayajashonwa midomo. Mimi siwezi kufa ugenini na godoro la mtu liko wazi."

Mwishoni kabisa palikuwa na kiboksi cha kutia alama: nimesoma yote na nimeelewa. Mwenye duka alitaka kukibonyeza, kama anavyowabonyezea wote. Mkono wenye makovu ukamzuia.

"Nimesoma wapi mimi? Nisomee kwanza. Yote, na yale madogo ya chini."

Akasomewa. Aliuliza, akarudia kuuliza, akabishia neno hili na lile, hata ukurasa ukachoka kusubiri ukajifunga wenyewe, wakaanza upya tangu jina la baba yake marehemu. Waliokuwa wanangoja zamu nyuma yao wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Jamani, huyu bibi anaomba viza au ananunua nchi?" Mama Godoro akamjibu bila kugeuka, "Ikiuzwa nitakwambia tuchangie." Mara ya pili ulisomwa wote hadi mwisho, akaridhika, alama ikatiwa, maombi yakaondoka.

Walirudi nyumbani yeye mbele, mtoto nyuma. Mlangoni akampigia mdogo wake, akamweleza yote, kila neno, mtoto akiwa amesimama hapo hapo anasikia. Mdogo akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani ni kiburi chako, dada. Nilidhani umenisusa."

"Kiburi ninacho," alisema Mama Godoro. "Lakini si kwako."

Majibu yalipokuja, yaliingia kwenye simu ya mtoto. Akaja mbio kutoka ghalani hadi nyumbani, anahema: "Mama, umepata!" Mama Godoro hakusema alhamdulillahi wala asante. Alichukua simu, akamwambia mtoto abaki nyumbani, akaenda peke yake kwa yule mama wa kompyuta.

"Nisomee. Usiniambie walivyosema. Nisomee walivyoandika."

Akasomewa. Amepewa, aende, akae wiki chache, arudi.

"Rudia."

Ikarudiwa. Hapo ndipo alipovuta kile kiti cha plastiki akakaa, na mwenye duka akajifanya anatafuta karatasi chini ya meza ili asimwone anavyojifuta.

Jioni hiyo alimwambia mdogo wake tarehe. Mdogo akalia, akacheka, kisha akatoa agizo: "Dada, usije na zile nguo zako za rangi ya vumbi. Hizo siku hizi sizioni kabisa, zinapotea ukutani. Vaa kitu kikali, nikutambue tangu unatokeza mlangoni."

Asubuhi Mama Godoro alikuwa dukani kwa muuza vitambaa. Akachagua chekundu, chekundu cha kuumiza macho, rangi ambayo maisha yake yote aliwasema wanawake wanaoivaa.

"Ya harusi hii, bibi?" aliuliza muuzaji.

"Ya kwangu."

"Basi utang'ara! Na rangi yake haichuji, hata uichemshe."

"Hayo umesema wewe," alijibu Mama Godoro, akalowesha kidole kwa mate, akaanza kusugua pindo la kitambaa, akisugua na kutazama kidole, akisugua na kutazama kidole.