R ya Lufiji

Kuna kicheko kimoja nimekitunza kwa miaka minne kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja. Si changu. Ni cha msomi mmoja niliyemfanyia kazi, niliyezoea kumwita Daktari, na alikitoa siku niliyotamka Rufiji mbele yake. Nilitamka Lufiji. Nimezaliwa Isansa kule Mbozi, nimenyonya Kinyiha, na kwa ulimi wetu L ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Mkono wangu unaijua R vizuri, shuleni niliiandika bila kukosea. Ulimi ndio haujawahi kuona sababu ya kuhangaika.

Nilikuwa na cheti cha misitu, na Daktari alihitaji mtu wa kuingia matopeni kwa niaba yake. Nyumbani walinicheka pia, lakini kwa upendo: mtoto wa kahawa anakwenda kuhangaika na miti inayoota ndani ya maji ya chumvi! Utafiti wenyewe ulihusu mikoko ya pwani, hasa ule uitwao mchu. Mbegu zake huelea na kubebwa na maji, kwa hiyo Daktari alitaka kujua kama miti ya delta ya Rufiji na ile ya Lindi inachangia damu, au kila upande umekaa peke yake muda mrefu mpaka ukashika tabia zake. Jibu lingepatikana kwenye vinasaba, na vinasaba vilikuwa kwenye majani, na majani niliyachuma mimi.

Nilikwenda Rufiji, nikaenda Lindi, nikarudi Rufiji, nikarudi Lindi, kufuata maji yanavyopwa. Kila mti niliuchuma majani machache, nikayatia kwenye bahasha yenye punje za kukausha, nikaandika namba kwa penseli. Kwenye daftari langu la mfukoni niliandika namba ileile na mahali nilipoyachuma, R ya Rufiji au L ya Lindi. Bahasha zilikuwa na namba tu. Mahali palikuwa daftarini.

Kule delta nililala kwa mama mmoja mjane, kiongozi wa wanawake wanaopanda mikoko pembezoni mwa mashamba yao ya mpunga ili maji ya chumvi yasiingie. Alinipikia wali na kamba, akanifundisha kutembea kwenye tope: vua viatu, usisimame sana. Alikuwa haniiti jina, ananiita mwanangu. Siku moja alinionyesha miche yake, akaniambia, "Mchu wa huku kwetu umezoea maji matamu ya mto, mwanangu. Yanakaa wiki nzima na wenyewe haujali." Niliandika na hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Niliporudi ofisini, Daktari alikaa kwenye kompyuta, mimi nikasimama na daftari. Hakutaka kulishika kwa sababu lilinuka tope. Akasema nimsomee, yeye ataandika. Nikaanza: namba moja, Lufiji. Akasimamisha vidole. "Sema tena." Nikasema. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie, nikaambiwa niseme mara ya tatu, nikasema, kwa sababu nilikuwa mjinga na nilihitaji ile kazi. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi.

"Basi taja herufi tu," Daktari akasema, "tusilale hapa."

Nani asiyejua aibu inavyoufanya ulimi? Nikiona R, L inatoka. Nikijikaza ili R itoke, inatoka hata mahali palipoandikwa L. Nilisoma orodha nzima hivyo, jasho linanitoka, yeye anaandika anachosikia huku anaongea na simu. Siku ya pili alinipa jedwali nikalipange kwenye faili. Nikaliweka kando ya daftari langu, nikaona. Miti ya Rufiji ilikuwa Lindi, ya Lindi ilikuwa Rufiji, na mingine ilikuwa mahali pake kwa bahati tu.

Nilinyanyuka kwenda kumwambia. Naapa nilinyanyuka. Nilimkuta anaandaa orodha ya majina ya waliofanya utafiti, nikaona langu halipo, nikauliza kabla ya kusema kilichonileta. Hakugeuka hata shingo. "Wewe ulichuma majani tu." Akaongeza kwamba mkataba wangu unaishia mwezi ule na daftari langu naweza kuondoka nalo. Nikasema asante. Nikaondoka nalo.

Sasa nina kitalu cha miche hapa Mpemba, Tunduma, kando ya barabara kuu. Nauza parachichi na kahawa kwa watu wa Mbozi, wa Momba, hata wa ng'ambo Zambia, wanaonisalimia "mulishani", yaani habari, kabla ya kuanza kuomba nipunguze bei. Daftari nililiweka kwenye kopo la mbegu, na kopo juu ya kabati. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalishusha kila nikikasirika. Nilijua litakachomfanyia yule mtu, na nilikuwa nangoja apande juu zaidi ili akianguka asikike.

Akapanda. Mtu niliyefanya naye kazi zamani alinitumia video ya Daktari amesimama mbele ya wakubwa, suti imemkaa, anasema utafiti umeonyesha jambo la kushangaza: mchu wa Rufiji na mchu wa Lindi umechanganyika kabisa, vinasaba havioni mpaka. Nilicheka peke yangu katikati ya miche mpaka mteja akaniuliza kama nimepata habari ya harusi. Mimi naishi Tunduma, mpakani. Watu wa upande huu na wa ule wanasalimiana kwa Kinamwanga kilekile, na bado mtu yeyote hapa atakwambia mpaka uko wapi na nani kalala upande gani. Ule mchanganyiko wa ajabu haukutoka baharini. Ulitoka kinywani mwangu, na yeye ndiye aliyeutia kwa kicheko chake. Nilirudia ile video kila nilipotaka kujifurahisha. Sikuona haya. Nilikuwa na roho mbaya na ilikuwa inanipendeza.

Kisha mwaka huu, baada ya mvua za masika, mama wa delta alinipigia simu.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza baridi ya huku, akauliza wateja. Halafu akasema, "Mwanangu, mpunga wetu umeungua na chumvi."

Wataalamu walikuwa wamewafikia mwaka jana. Waliambiwa wasihangaike kukusanya mbegu zao, kuna kitalu kikubwa kule Lindi, mchu ni mchu, utafiti umeshathibitisha. Wakaletewa miche kwa lori. Wakaipanda. Mafuriko ya mto yakaja, maji matamu yakakaa, na miche ile ya kusini ikawa myeusi yote, hata mmoja haukusalia. Bahari ilipojaa haikukuta kitu cha kuizuia, ikaingia majarubani.

"Wewe ulikuwa unaandika kila kitu," mama akasema. "Hukuona kama miti ya huku na ya Lindi haifanani?"

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia nini? Kopo lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilimwekea Daktari mtego, na aliyenasa ni mwanamke aliyenipikia wali.

Mtu mwema angeomba msamaha hapo. Mimi nilipata hasira mpya. Nilimpigia Daktari mchana uleule, nikamweleza yote.

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi si nilichuma majani tu?"

 Halafu sauti ikalainika. "Dada yangu, nitumie picha za daftari. Nitarekebisha kimyakimya, na jina lako nitaliweka la pili."

Dada yangu! Nikamwambia picha hapati mpaka nimsomee, kama mara ile, na nitamsomea kwenye mkutano wa mtandaoni mbele ya walewale waliompigia makofi. Na wanawake wa delta wawepo wasikie. Akasema nataka kumuumbua. Nikasema ndiyo, hapo umenielewa.

Wiki iliyofuata nilikaa kitaluni, simu nimeisimamisha kwenye mche wa parachichi, malori ya Zambia yanapiga honi nje. Wakubwa walikuwepo kwenye vijumba vyao vya kioo cha simu. Mama na wenzake walikusanyika kwenye simu moja shuleni kwao. Daktari alieleza kwamba kuna marekebisho madogo. Nikafungua daftari.

Nilisoma namba na herufi tu, kama alivyotaka yeye. Sikujikaza. Niliuachia ulimi wangu wa Isansa utembee unavyotaka.

"Namba moja, L."

"Samahani," akasema Daktari, "ni Rufiji au Lindi?"

"Lufiji."

"Namba mbili, L."

"Rufiji au Lindi?"

"Lindi."

Aliuliza kila namba. Hakuweza kukisia, kwa sababu kukisia ndiko kulikomfikisha hapo. Aliuliza kwa adabu, akarudia nilichosema kabla ya kuandika, na kila aliporudia mimi nilinyamaza kidogo ili wote wasikie. Kufikia katikati sauti yake ilikuwa imekauka. Hakuna aliyecheka. Nilifurahia kila ukurasa, na ningeongeza kurasa kama ningekuwa nazo.

Nilipomaliza, mkubwa mmoja alisema utafiti wote utarudiwa na miche ya Lindi haitapelekwa tena delta. Daktari alizima picha yake. Nikakunja daftari, moyo umetulia tuli, nikangoja pongezi za akina mama wa delta.

Ndipo simu ya shuleni ikafunguliwa. Mama alikohoa. Nilimjua kwa kikohozi kabla hajasema.

"Mwanangu," akasema, "hilo daftari ulikuwa nalo muda wote huo?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Jibu lilikuwa neno moja fupi, halina R wala L, na ndilo pekee siku ile lililonishinda kutamka.