Ulimi wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alivuta sigara kwa kuigeuza: ncha yenye moto ndani ya kinywa, ile nyingine nje. Mimi mzaliwa wa Nyasho, pale Musoma mjini, nilipoolewa kijijini upande wa Bunda nilidhani amekosea, nikamrukia kumwokoa. Alinitazama kwa huruma, moshi ukamtoka puani.

Sisi wa mjini hatukujua kwamba sigara ya namna hiyo ina faida zake. Upepo wa ziwani hauizimi, na haiishi upesi. Tena wakati wa kuchuma pamba mikono yote miwili iko huru na hakuna cheche ya kuangukia gunia. Wanawake wengi wa umri wake walivuta hivyo huku wanaongea. Majivu waliyatema, na wengine waliyameza tu.

Operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilikuwa imetupanga kwa mistari, nyumba yangu ikatazamana na ya mkamwana mwenzangu, mke wa shemeji yangu. Mama alikuwa na hiari ya kula popote, naye alikula kwangu. Jambo hilo lilinivimbisha kichwa vibaya sana. Mwenzangu alipika furu, samaki wadogo wa ziwani, kama mimi, lakini mama akionja alisema ni maji ya kunawa. Changu alikisifu mbele za watu. Ujanja wangu ulikuwa mmoja: akisema chumvi haijafika, naongeza. Mume wangu alikunywa maji kama ng'ombe baada ya kila mlo, lakini nani angebishana na ulimi wa mama yake?

Kisha kidonda kikamtoka kwenye kaakaa. Daktari wa zahanati alimulika tochi, akanigeukia kana kwamba mvutaji ni mimi, akasema sigara iachwe, la sivyo kidonda kile kitamuua. Niliogopa kweli. Nilimpenda yule mama, na siku nyingine nilimpenda kuliko mwanawe.

Kuacha kwenyewe kulikuwa vita. Alitafuna vijiti, akagombana na kuku, akamfukuza mgeni aliyekuja na sigara sikioni. Mimi ndiye niliyekuwa askari wake. Nilificha viberiti na nilimnusa kila alipotoka chooni. Pamba ilichumwa ikaisha bila yeye kuvuta, na kidonda kikafunga. Kisimani nilijisifu kama vile nilimtibu mwenyewe.

Jambo ambalo daktari hakunidokeza ni kwamba moto ule huua ladha, na sigara ikiachwa ulimi huanza kufufuka. Jioni moja nilimwekea ugali wa mtama na furu, mapishi yale yale. Akamega, akachovya, akatia kinywani. Akachovya tena, kidogo tu.

"Mama," akaniambia polepole, "hiki ndicho ulikuwaga unanipikia siku zote?"

"Ndicho hicho, mama."

"Na mwanangu alikuwaga anakula?"

Mume wangu akainamia sahani.

Kesho yake mama alivuka njia, akala kwa mwenzangu. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Vicheko vyao nilivisikia nikiwa jikoni, nikalia kwa wivu, sifichi. Nilikuwa nimempigania mgonjwa hadi akapona, na alipopona akahama na kijiko chake. Siku moja alipopita mlangoni nikamwita, nikamwambia kama mzaha, ingawa haukuwa mzaha sana:

"Mama, si nikununulie sigara moja tu, chakula changu kikupite kooni?"

Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Alipomaliza alinitazama usoni.

"Nunua," akasema. "Nitavuta, nitakulaga kwako, na nitakufa huku nakusifu. Unataka hiyo?"

Nilichukua bakuli, nikavuka njia kwenda kumuuliza mwenzangu anatia chumvi kiasi gani.