Sahani Iliyorudi Imejaa

Nakumbuka sahani moja, mwanangu. Ilikuwa ya bati, ya kijani, na rangi ilikuwa imebanduka ukingoni. Nimeosha sahani nyingi maishani na hata zile za harusi yangu sizikumbuki, lakini hiyo ningeitambua leo sokoni. Kwa kuwa umeniambia mwezi ujao mnakwenda kupiga kambi mlimani na vijana wenzako wa kanisa, acha nikueleze habari zake kabla hujafunga mkoba. Nitakwenda polepole. Shule niliishia darasa la nane, na kalamu yangu haikimbii.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kwetu Othaya, kwenye majani chai, nikaja Naro Moru kwa shangazi yangu kutafuta kazi. Nikapata ya kusaidia jikoni katika safari za kupanda mlima. Nilikuwa na haya nyingi mno. Mtu akinisemesha, nilikuwa na jibu moja tu: "Sawa." Nikisikia, sawa. Nisiposikia, sawa. Ukinipa chai bila sukari, sawa. Neno hilo lilikuwa mlango wangu. Nikishalisema, mtu huenda zake nami hubaki na amani yangu. Hata wewe nimekusikia ukilisema hivyo hivyo kwenye simu, huku macho yako yako kwingine.

Mpishi wetu mkuu tulimwita Guka, yaani babu. Alikuwa mzee mfupi, na kofia yake ya sufu hakuivua hata akila. Alikuwa na desturi moja ambayo wapagazi waliicheka. Baada ya kila mlo, sahani tupu hakuzijali. Alitaka zile zilizorudi na chakula.

"Kila sahani iko na mwenyewe," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Ukiniletea moja imebaki na chakula, uniambie ni ya nani. Mdomo ya mtu inaweza danganya. Sahani haiwezi."

Nami nikajibu, "Sawa."

Guka alikuwa na sababu. Huko juu hewa ni kidogo, mwanangu. Ugonjwa wa mlima huanza kwa kichwa kuuma na chakula kukataa kushuka. Mtu akiteremshwa mapema, hupona. Akijikaza, ugonjwa huo unaweza kumuua hata kama ana kifua cha fahali. Na watu hujikaza. Mtu amejiandaa miezi mingi, amewaambia jirani zake wote kwamba anakwenda mlimani, kisha aseme kichwa kinamuuma? Kwa hiyo Guka alizoea kuwauliza watu kupitia sahani zao.

Safari ninayoisema ilikuwa ya wanafunzi kumi na wawili wa shule moja ya Nyeri mjini. Aliyewaongoza ni mwalimu wao wa hesabu, tuliyemwita Mwalimu Wekesa, mtu mrefu mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Bungoma. Usiku wa kwanza tulilala katika kambi ya chini, karibu na msitu wa mianzi. Siku ya pili tukapanda kwenye majimaji na nyasi za mafungu, mpaka kambi ya juu, bondeni, penye ile miti ya ajabu ambayo vichwa vyake ni kama kabichi. Njia nzima mpagazi mmoja, Kimani, hakumpa mwalimu nafasi ya kupumua.

"Mwalimu, ni ukweli huko kwenu kilima kubwa ni kichuguu?"

"Kwetu kuna Elgon, kijana. Umeiona?"

"Elgon ni ya kulisha ng'ombe, Mwalimu. Hii yetu ndiyo Mungu alichagua kukaa. Usijali, ukishindwa tutakubeba kama gunia ya viazi."

Wanafunzi walicheka hadi wakakaa chini. Mwalimu naye alicheka. Mimi nilicheka ndani ya leso. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mzaha ni kama pilipili, anayeijua ni aliyeitafuna.

Tulifika kambi ya juu mapema mchana. Guka akapika wali wa mchele wa Wang'uru pamoja na ndengu. Mchele huko juu huiva kwa kubembelezwa, maji huchemka lakini hayana moto wa kutosha, na Guka aliuchunga kama mtoto mchanga. Ulipoiva nikagawa. Kisha nikaenda mtoni kuchota maji, na nyuma ya jiwe nikamkuta Mwalimu ameinama, anatapika.

Aliponiona alijifuta mdomo. Uso ulikuwa umepauka.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hawa vijana watanicheka mpaka tufike Nyeri. Ni tumbo tu. Niko sawa."

Nikasema neno langu. "Sawa."

Nilipokusanya sahani, ile ya kijani ilikuwa yake, na ilikuwa imejaa vile vile nilivyoipakua. Nilijua natakiwa kufanya nini. Guka alikuwa hatua kumi kutoka pale, anafunga gesi. Lakini kumwambia kungekuwa kumsaliti mtu mzima aliyeniomba, tena mwalimu, na pia kungenilazimu kusema sentensi ndefu mbele ya watu. Nikaenda kando ya hema la jikoni, nikamwaga chakula kwenye mawe. Pimbi wa kambi ile, wanyama wadogo kama sungura wanaokaa maweni, ni wanene na hawana aibu. Kabla sijageuka walikuwa wameshamaliza. Nikarudisha sahani tupu. Guka akaitazama pamoja na zingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kulisha wanyama kumekatazwa kule, na sababu moja waijua. Sasa unajua ya pili.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayemsaidia kuficha, na nafikiri walisahau.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda kuwa sakitu nyeupe juu ya mahema. Wanafunzi walikuwa na furaha, walitaka kupanda zaidi. Mwalimu alitoka hemani mwisho. Alikuwa ameshika kikombe cha uji, lakini hakukipeleka mdomoni, na viatu vyake havikuwa vimefungwa kamba.

"Mwalimu, umelala vipi?" Guka aliuliza.

"Niko sawa. Twende."

Guka alikitazama kile kikombe. Kisha akanigeukia. "Kairitu," ndivyo alivyoniita, yaani msichana, "jana mchana sahani zote zilirudi tupu?"

"Sawa," nikasema.

"Ati sawa? Sijakuuliza kama ni sawa. Nimeuliza sahani."

Watu wote walikuwa wananitazama. Masikio yaliniwaka moto. Nilitazama viatu vya Mwalimu, zile kamba zikiburutika kwenye barafu, na ghafla nikaogopa kitu kikubwa kuliko macho ya watu.

"Ya Mwalimu ilirudi imejaa," nikasema. "Niliwapa pimbi. Na alitapika huko mtoni."

Mwalimu alinitazama. "Wewe," alisema kwa sauti ya chini, "si tuliongea?" Mpaka leo jicho lile sijalisahau.

Guka hakupiga kelele. Aliokota kamba ya hema akainyoosha juu ya nyasi, kama hatua kumi na tano hivi. "Leo kuna mchezo kabla ya safari," aliwaambia wanafunzi. "Kila mtu atembee juu ya hii kamba. Kisigino kiguse vidole. Kimani, anza."

Kimani akapita akiringa kama bibi harusi. Wanafunzi wakafuata, mmoja mmoja, wakisukumana na kucheka. Mimi pia nikapita. Kisha ikawa zamu ya Mwalimu. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ikaenda kando. Ya tatu ikawa kama ya mtu aliyetoka kilabuni, na Guka akamdaka kabla hajaanguka. Hakuna aliyecheka. Hata Kimani alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani.

"Mwalimu," Guka alisema, "mguu yako imekataa kudanganya. Unashuka sasa hivi."

Mwalimu alianza kubisha, lakini maneno yalimtoka yamepindana, na nafikiri aliyasikia mwenyewe, kwa sababu aliketi chini akaanza kuzifunga zile kamba za viatu.

Guka akapanga kazi: yeye na wapagazi wengine wangekunja mahema na kuwateremsha wanafunzi nyuma yetu. Kimani angemshika Mwalimu. Kisha Guka akanivuta kando, nami nikangoja matusi.

"Huruma yako jana iliniziba macho," aliniambia. "Mimi nikaona sahani safi, nikalala usingizi. Sasa utaenda naye. Na utaongea naye. Mtu akianza kupotea, inajulikana kwa maneno. Umuulize, akujibu, mpaka chini. Akiacha kujibu, muambie Kimani ambebe na mkimbie. Jana ulinyamaza. Leo utaongea mpaka mfike kwenye gari ya askari huko chini."

Mwanangu, mimi ambaye sikuwahi kusema maneno ishirini mfululizo! Niliongea. Nilimweleza kuhusu majani chai, jinsi tunavyochuma mawili na chipukizi. Nikamweleza jinsi mbuzi wa mama alivyokula barua ya shule. Mwalimu aliitikia kwa kuguna tu, na macho yalikuwa yanafumba. Nikaishiwa. Kisha nikakumbuka yeye ni nani.

"Mwalimu, saba mara nane?"

Alisimama. Alifikiri kwa muda mrefu sana. "Arobaini," alisema. "Arobaini na... na ngapi?"

Mwalimu wa hesabu! Kimani alinitazama, akachuchumaa, akambeba mgongoni. Tulipita yale majimaji yote hivyo, Mwalimu miguu ikining'inia, Kimani akihema kama ng'ombe wa kulima. Viazi hakuvitaja.

Nilimuuliza tena kwenye ukingo wa msitu. Akasema, "Hamsini na kitu." Aliomba ashushwe, akatembea akimshikilia Kimani bega. Akanywa maji, nayo yakakaa tumboni. Tulipoingia kwenye mianzi, penye joto kidogo na harufu ya udongo, sikuwa nimemuuliza tena. Alisema mwenyewe, kwa ile sauti yake nzito:

"Hamsini na sita."

Kimani aligeuza uso upande wa mianzi akajifanya anatoa mdudu jichoni.

"Na wewe," Mwalimu akaniambia, "umeniuliza njia nzima. Kumi na tatu mara saba?"

Neno langu la zamani lilikuja mpaka ulimini. Nikalimeza. "Sijui, Mwalimu," nikasema.

Akacheka, kicheko kidogo cha mtu mgonjwa. "Hilo ni jibu," alisema. "Lingekuwa langu jana, tusingekuwa hapa."

Gari la askari wa mbuga lilimpeleka hospitali, akakaa siku mbili, akarudi darasani. Kimani alimtumia ujumbe wa kuomba msamaha, na Mwalimu akamjibu kwamba akipona kabisa atampeleka Elgon aone ng'ombe. Guka hakunisema tena. Mlo uliofuata, nilimpelekea sahani iliyobaki viazi viwili nikamtajia mwenyewe wa sahani hiyo, naye akasema, "Haiya! Kumbe kairitu ako na sauti."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Huko kambini utaulizwa mara nyingi kama uko sawa. Usijibu haraka. Kama hukusikia, sema hukusikia. Ukiagizwa jambo, lirudie kwa maneno yako, ili aliyekutuma ajue limefika. Kichwa kikiuma, sema kingali kinauma kidogo. Na mwenzako akikuomba umfichie ugonjwa, mkatalie akiwa anakusikia, hata akikununia mwaka mzima; afadhali rafiki aliyenuna kuliko rafiki aliyenyamaza kabisa. Tena chunga mizaha yako. Mtu mkimcheka sana njiani, hatawaambia anapoumia. Mwalimu alijificha kwa sababu ya kicheko, na changu kilikuwamo, ingawa kilikuwa ndani ya leso. Kuona haya ni jambo zuri kwa kijana, lakini kusiwe ghali kuliko uhai wa mtu. Na ukipewa kazi ya jikoni, usiione ndogo. Anayeosha sahani ndiye wa kwanza kujua.

Nenda basi. Beba soksi za ziada na lile koti langu zito. Mungu akupandishe salama na akushushe salama, awape wenzako masikio nawe akupe sauti, na sahani yako irudi tupu kwa sababu umekula mwenyewe.