Nahodha Aliyekuwa Akitafuta Mrushaji

Ijumaa, kwenye basi la Deira huku ughaibuni, Mkenya mmoja, nahodha wa timu ya besiboli ya hoteli yao, alikuwa akimweleza mwenzake mipango ya msimu ujao. "Hatuna mrushaji. Tuwape timu ya Ras Al Khor wadakaji wawili, watupe mrushaji wao."

Nyuma yao, kando yangu, dada Mtanzania anayesafisha vyumba hotelini humo akadakia, "Kaka, mimi nimekua nikicheza rede."

"Rede ni nini?"

"Unamlenga mtu kwa mpira, yeye anakwepa."

Akatoa chungwa mkobani, akarusha. Likaondoka na kofia ya nahodha bila kumgusa kichwa. Basi zima tukapiga makofi.

"Khalas, yamekwisha!" nahodha akasema, akiokota kofia. "Wadakaji hawaendi popote."

Mimi nami utotoni nilichapwa kwa kuchafua sare ya shule kwenye rede. Mama, kumbe nilikuwa mazoezini!