Kichuguu cha Mayu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mwamapalala kabla ya simu, mvua za kwanza zilikuwa na harufu mbili: udongo uliolowa, na kumbikumbi wakikaangwa kwa chumvi kidogo bila mafuta. Kila kichuguu kilikuwa na mwenyewe. Chetu kilikuwa cha mayu, yaani mama, nyuma ya zizi. Mvua ikikatika tulikifunika kwa matawi na blanketi kuukuu, tukaacha upenyo mmoja unaoelekea kwenye shimo dogo. Waliotoka waliangukia humo. Wengine tuliwala wabichi, mabawa yakinata midomoni, na kesho yake shuleni mwenye mfuko wa kumbikumbi wakavu hakukosa marafiki. Watoto wa leo wanakula vya pakiti, wakiona mdudu kwenye sahani wanakunja uso.

Kilichotuudhi ni uchafu. Mayu alikataza kufagia wala kulisha ng'ombe karibu na kichuguu. Palijaa nyasi kavu, mabua ya mahindi na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, hata wageni wakadhani sisi ni wavivu. Kaka yangu Masanja aliponung'unika, mayu alimjibu, "Wewe unakula ugali, wao wanakula hayo. Unataka waje kukuomba?"

Baba alipofariki, Masanja akachukua shamba. Alimpenda sana mama, akazungushia kichuguu miiba ili plau isikiguse. Kisha akapasafisha ndani na nje ya miiba mpaka pakawa peupe, na kila baada ya mavuno akachoma kila kilichobaki. Kwa pamba alikuwa sahihi: masalia yake yasipochomwa yanatunza wadudu waharibifu. Lakini nyasi na mabua hayakuwa pamba. Miaka mingi baadaye, katika kujisomea, nilielewa kwamba mchwa wa vichuguu vile hubeba majani makavu hadi ndani na kuotesha juu yake ukungu ambao ndio chakula chao, na kumbikumbi ni watoto wa mchwa hao hao. Tuliwalindia nyumba, tukawachomea shamba.

Kumbikumbi wakapungua msimu hadi msimu, mwisho hawakutoka kabisa. Mwaka huu mayu, ambaye sasa ni mzee na hamu ya kula imemwishia, aliomba kitu hicho kimoja tu. Mvua ya kwanza ilipokatika aliketi kando ya kichuguu, beseni mapajani. Masanja alisimama nyuma yake. Hakuna kilichotoka. Masanja akawasha pikipiki, akaenda sokoni Bariadi, akarudi na kumbikumbi wa kupimwa kwa kopo.

Mayu alitafuna wachache, taratibu.

"Watamu," akasema. "Hawa wametoka kwa mtu mwenye nyasi."

Masanja aliinama kufungua kamba za viatu, akachukua muda mrefu.

Zamani tulikuwa tunaisubiri mvua. Sasa mvua ikinyesha, tunasubiri pikipiki irudi kutoka mjini.