Mbuzi wa Kuongeza Damu

Mume wangu alijikata kwa panga akikata migomba ya kumlishia ng'ombe, shambani kwetu juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Panga lilipita kwenye muundi wa mguu likafungua mshipa. Kanga nilizomfunga zililowa kabla hatujafika barabarani. Hospitalini walimshona, wakamwongeza damu iliyokuwepo, wakaturudisha nyumbani na vidonge na agizo moja: ale vizuri.

Agizo hilo ukoo uliliitikia kwa moyo wote. Akachinjwa mbuzi ili mgonjwa apate kisusio, ile supu ya damu na nyama. Uani pakajaa ndugu. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja, maana hakuwa na hamu ya kula. Wenzake walikula kwa niaba yake.

Wakati huo mguu ulikuwa umevimba, unang'aa, wa moto kama sufuria. Kaka yake mkubwa aliubonyeza kwa kidole chenye mafuta ya mbuzi.

"Shemeji, unaona? Nyama inarudi. Mguu umenawiri!"

"Unanuka, shemeji."

"Ndiyo dawa inafanya kazi. Ulitaka unukie marashi?"

Basi ukanawiri mpaka nyuzi zikaachia.

Tuliporudi hospitalini daktari alinieleza polepole.

"Mama, uzi unashikilia tu. Kinachoponya kidonda ni damu. Ndiyo inayopeleka hewa na chakula pale palipokatika, na yake ni kidogo mno. Kuvimba siku za mwanzo ni mwili unajitetea. Kukizidi hivi, na vijidudu viko ndani, kunaharibu hata nyama changa inayojaribu kuota."

Akasema ndugu waje kutoa damu.

Nikapiga simu, na hapo ndipo nilipojua ukoo wetu una wagonjwa wengi kiasi gani. Kaka mkubwa alikuwa na presha, imeanza asubuhi hiyohiyo. Binamu alikuwa kwenye mfungo wa maombi. Mwingine, aliyemaliza kichwa cha mbuzi peke yake, alilalamika:

"Mimi mwenyewe sina damu, shemeji. Hebu niangalie macho."

"Nitayaangaliaje kwenye simu?"

"Basi niamini tu."

Nilitoa yangu. Kingo za kidonda zikapata wekundu kidogo, nikaanza kutumaini. Kisha zikarudi kijivu, homa ikapanda, naye akaondoka.

Mazishini walikuja wote, wazima wa afya. Kaka mkubwa alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri: aliugua kwa muda mfupi, akiuguzwa na ukoo mzima kwa upendo. Watu wakaitikia amina.

Mchungaji akauliza kama mjane ana neno. Huwa sisemi mbele za watu, lakini nilisimama.

"Kidonda hakikufunga," nikasema. "Damu haikutosha. Tuliombwa, ikapatikana ya mtu mmoja."

Nikakaa. Kaka mkubwa akaomba tuimbe.